Mishipa ya miguuni iliyovimba: siki, mshubiri au soksi?

Kazi_ya_Kusimama: Wakuu, mishipa ya kigimbi imetokeza na kujipindapinda. Ikifika jioni miguu ni mizito, vifundo vimejaa. Naambiwa nikande kwa maji ya moto, nipake siki ya tufaha au kitunguu saumu kilichopondwa, wengine wanasema hijama palepale juu ya mshipa. Kipi kinasaidia kweli?

Mitishamba_Tanga: Maji ya moto acha leo hii. Joto hutanua vena (mishipa inayorudisha damu kwenye moyo), na damu inazidi kutuama chini. Ugonjwa wenyewe ni vali, yaani vilango vya ndani ya vena: zikilegea, damu inarudi chini, na hakuna cha kupaka kinachozirudisha. Siki isiyochanganywa na maji huunguza ngozi. Kitunguu saumu kibichi ukikifunga usiku kucha, asubuhi unakuta malengelenge. Ngozi ya karibu na kifundo tayari ni dhaifu, kidonda kidogo hapo hukaa miezi. Ndiyo maana chale na chuku visiguse mshipa huo kabisa.

Dawa ya mmea yenye utafiti wa maana ni dondoo ya mbegu za Aesculus hippocastanum, mti wa Ulaya. Kipimo ni miligramu 50 za eskini, kiambato chake kikuu, mara mbili kwa siku. Hupunguza maumivu, uvimbe na mwasho, mshipa hautapotea. Tumia dondoo ya dukani tu, mbegu mbichi ni sumu. Mjamzito, mwenye ini au figo mbovu, au anayetumia warfarin (dawa ya kuzuia damu kuganda), asianze bila daktari.

Kazi_ya_Kusimama: Na mshubiri?

Mitishamba_Tanga: Kwa ngozi kavu inayowasha, sawa, lakini kwa mshipa wenyewe hapana. Ukikata jani lisimamishe dakika 10 hadi 15 utomvu wa njano uchuruzike, maana huo ndio unaowasha. Usipake kwenye kidonda.

Fizio_Nairobi: Kazi kubwa inafanywa na soksi za kubana na hicho kigimbi chako. Pima mzunguko wa kifundo na wa kigimbi asubuhi, kabla mguu haujavimba. Ukipima jioni utanunua soksi kubwa isiyobana. Anza na mmHg 15–20, ndiyo nguvu ya kubana inayoandikwa kwenye pakiti. Vaa kabla ya kushuka kitandani, vua ukilala. Ikijikunja chini ya goti inageuka kamba, inyooshe mara moja. Kama una kisukari, au miguu huwa ya baridi na inauma ukitembea, upimwe kwanza ateri, mishipa inayopeleka damu mguuni, usije ukaukosesha mguu damu.

Kazini inua visigino mara 20 kila saa: kigimbi kikikaza ndicho kinachosukuma damu juu. Ukirudi, lala miguu ikiwa juu kuliko moyo, dakika 15. Kuiweka kwenye kigoda tu haitoshi.

Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukauma na kuwa wa moto, nenda hospitali siku hiyohiyo na wala usiuchue, huenda damu imeganda ndani. Mshipa ukipasuka, lala chini, inua mguu, bana kwa kitambaa safi dakika 10 bila kuchungulia.