Broila 400, Kigoma: niweke nini kwenye chakula kuzuia kuhara?

MwishoWaReli: Wakuu, habari za jioni. Wiki ijayo naingiza vifaranga 400 hapa Gungu. Mzunguko uliopita kuhara kulinimaliza. Duka la pembejeo wana vitu vitatu vya kuchanganya kwenye chakula: salinomaisini, probayotiki ya unga (wale bakteria wazuri wa tumboni) na unga wa oregano, yale majani ya kiungo. Hela inatosha kimoja tu. Nichukue kipi?

Bibi_Mabanda: Kuhara kupi? Damu au majimaji? Walikuwa na siku ngapi? Chakula unanunua au unakoroga mwenyewe? Hujasema chochote mwanangu, halafu unataka jibu.

Isevya_Kuku: Salinomaisini, mjadala ufungwe. Gramu 60 kwa tani, na hizo ni gramu za dawa yenyewe, si za unga wote ulio kwenye pakiti. Hizo nyingine ni manukato tu.

MwishoWaReli: Samahani mama. Ilianza kama siku ya 21. Wengine damu, wengine ute wa rangi ya chungwa. Chakula nakoroga mwenyewe.

Bibi_Mabanda: Kwa koleo sakafuni, si ndiyo? Gramu chache hizo ukizitupia kwenye lundo, kuku mmoja hapati kitu, mwenzake anapata sumu. Changanya kwanza na kilo moja ya pumba, halafu kilo kumi, ndipo uingize kwenye lundo.

Banda_Urambo: Mkuu, kabla hujanunua soma mfuko wa primiksi, ule mchanganyiko wa vitamini na madini unaotia kwenye chakula, huenda salinomaisini imo tayari. Mimi nilikuwa na kuku 350, siku 28, wameshiba nyama na mteja nimeshampata. Wakaanza kukoroma. Nikakimbia dukani, nikapewa tiamulini, antibiotiki ya kwenye maji. Muuzaji hakuuliza wanakula nini, na mimi sikusema. Siku ya pili asubuhi nafungua mlango. Kwa kawaida wananivamia miguuni mpaka ndoo inamwagika, siku hiyo kimya. Wamelalia vifua, miguu imenyooka nyuma. Macho mazima, shingo zinageuka kunifuata, ila kunyanyuka hawawezi. Nikajua mdondo. Afisa mifugo alipofika hakugusa hata kuku, aliomba mfuko wa chakula. Salinomaisini imeandikwa kwa herufi ndogo karibu na mshono. Kumbe tiamulini inalizuia ini lisiivunje salinomaisini, inajilimbikiza mwilini mpaka inakuwa sumu. Nilifukia 200 na ushei. Mpaka leo mke wangu akiniona na kopo lolote anauliza, "Hilo umelisoma?"

Isevya_Kuku: Pole sana mkuu. Ila hapo kosa ni la tiamulini.

Banda_Urambo: Kosa ni langu. Ndiyo maana nasema soma.

Mvuvi_Kibirizi: Mnajitesa bure. Mwarobaini na kitunguu saumu kwenye maji, sijawahi kuona damu bandani kwangu.

Bibi_Mabanda: Una kuku wangapi?

Mvuvi_Kibirizi: Kumi na wawili. Wa kienyeji.

Bibi_Mabanda: Haya.

Mkufunzi_Mifugo: Hapo mna magonjwa mawili. Koksi ni kimelea, kinachubua utumbo. Kidonda kikishakuwepo, bakteria anayeitwa Clostridium perfringens anapata pa kukaa. Salinomaisini inapiga koksi. Probayotiki ya Bacillus subtilis inasaidia upande wa bakteria, usitegemee iue koksi. Oregano matokeo yake yanapishana, leo inafanya, kesho haifanyi. Ulaya walipiga marufuku antibiotiki za kukuzia kuanzia Januari 1, 2006, hapo ndipo probayotiki zikachangamka sokoni, lakini salinomaisini waliiacha kama dawa ya koksi. Halafu kama jirani ana punda, chakula chenye salinomaisini kikae mbali naye, kinamuua. Dagaa unaweka kiasi gani?

MwishoWaReli: Kilo 15 kwa kila 100. Wale waliovunjika wako bei chini huku.

Mkufunzi_Mifugo: Punguza. Samaki akizidi ndio karamu ya huyo bakteria.

Mvuvi_Kibirizi: Yaani dagaa wa Kigoma nao wamekuwa ugonjwa? Kawaambieni wa Mwanza wenye mchanga.

Isevya_Kuku: Mchanga unategemea anayeanika, si ziwa.

Mvuvi_Kibirizi: Wewe uko Tabora, ziwa umelionea wapi?

Bibi_Mabanda: Acheni ziwa. Wewe wa Gungu, maranda yako ukiyafumba mkononi ukaachia, yanatawanyika au yanabaki donge?

MwishoWaReli: Donge, upande mmoja. Kuna drinka inavuja.

Bibi_Mabanda: Tangu lini?

MwishoWaReli: Tangu mzunguko wa kwanza mama.

Bibi_Mabanda: Na hela ya oregano unayo! Mayai ya koksi yanakomaa kwenye unyevu, siku mbili tu. Na usinipige jiki ukadhani umeyaua, hayasikii.

MwishoWaReli: Nimekuelewa mama, drinka nabadilisha kesho. Sasa hela iliyobaki, salinomaisini au probayotiki?

Isevya_Kuku: Nilishasema.

Mkufunzi_Mifugo: Primiksi yako imeandikwaje? Piga picha uweke hapa.

Kasulu_Mgeni: Samahani kuingilia. Vifaranga unatoa wapi mkuu, na kimoja kinakufikia kwa shilingi ngapi?

MwishoWaReli: Vinakuja na basi la Mwanza. Njoo inboksi.