Milango mipya ya kabati au kubomoa jiko zima? Na kaunta niweke nini?

MpishiWaFuoni
Asalaam aleikum ndugu zangu. Jiko langu lina miaka kumi na mbili. Kabati za chini ni za MDF. Milango minne imevimba kwa chini mpaka haifungi, na ule wa karibu na sinki ngozi yake inabanduka nikiugusa tu. Kaunta ni tailizi ndogo ndogo nyeupe, maungio yameshaingia manjano na hayatoki kwa dawa yoyote.

Nataka kubadilisha milango na kaunta, maboksi ya kabati yabaki, na kazi iishe kabla ya Ramadhani. Seremala mmoja ananiambia mninga, mwengine MDF mpya, na jirani yangu ameweka alminiamu na anaisifu kila nikikutana naye. Kaunta moyo wangu uko kwenye marumaru nyeupe, yaani lile jiwe lenyewe, si tailizi. Aliyewahi kupitia haya aniambie alichokiona. Pesa ni za mchezo wa upatu wa mwaka mzima, sitaki kuzitupa.

SeremalaChake
Waalaikum salaam dada. Kabla ya milango, tazama maboksi. Toa kila kitu chini ya sinki, chukua bisibisi, bonyeza ubao wa chini na pembe za nyuma kwenye bomba. Ikizama, boksi limekwisha, na mlango mpya utakaa juu ya skurubu zisizoshika kitu. Ikiwa ni gumu na limekaa sawa, kubadilisha milango ni uamuzi mzuri na utaokoa pesa nyingi.

MDF ni unga wa mbao ulioshindiliwa na gundi. Ikishanywa maji ikavimba hairudi, hata ukiianika wiki nzima. Lakini maji hayapiti usoni, pale pana melamini, ile ngozi ngumu ya plastiki. Yanapita ukingoni, hasa ukingo wa chini ambao fundi huuacha wazi kwa sababu hauonekani, na kwenye matundu ya bawaba. Kwa hiyo ukichagua MDF tena, simama na fundi mpaka kingo zote nne zibandikwe utepe, na matundu yapakwe vanishi kabla bawaba haijaingia. Hapa Pemba masika yakishika, jiko lisilo na dirisha la maana hutoa jasho kutani. Nimeona milango ikivimba bila kumwagikiwa hata tone.

Mninga ni mbao nzuri, na mfenesi pia usiudharau, wazee wetu wameuchongea milango ya nyumba na ipo mpaka leo. Sharti lake ni moja: mbao iwe imekauka khasa. Mbao mbichi itapinda ndani ya miezi michache. Na mlango usiwe kipande kimoja kipana. Ufanywe fremu, halafu ubao wa kati uingie kwenye mfereji bila gundi, upate nafasi ya kutanuka na kunywea. Fundi akitia gundi pale, utapasuka.

KijanaWaNungwi
Mie niko karibu na pwani kwa hiyo naongea la alminiamu. Haivimbi, haina mchwa, unaifuta kwa kitambaa basi. Kama kabati zako zingekuwa zile za kujengwa kwa matofali na slebu ya zege juu, ningekwambia usifikiri mara mbili, piga fremu ya alminiamu uweke milango. Lakini tazama skurubu. Kwetu fundi alitumia za chuma cha kawaida. Chuma na alminiamu vikigusana penye hewa ya chumvi huliana, na mwaka wa pili bawaba mbili zilining'inia. Tulibadilisha zote tukaweka za stenlesi, na tangu hapo hakuna tatizo. Kelele yake ndiyo sijaizoea, kila mlango ukifungwa nyumba nzima inajua.

BintiMkunazini
Dada'ngu, marumaru nyeupe jikoni acha. Nasema kwa uchungu kwa sababu yangu ilikuwa nzuri mno. Marumaru ni jamii ya chokaa, na asidi inaila. Sisi tunapika na nini? Ndimu, ukwaju, embe mbichi, siki ya achari. Siku ya tatu nilikata ndimu za kukoshea samaki juu yake, nikaacha vipande kidogo tu. Asubuhi palikuwa na duara kama tano zisizo na mng'aro. Si doa la kusugua, jiwe lenyewe limelika. Fundi wa kulisugua upya nilimpata, na baada ya mwezi yakarudi yale yale.

Na mwenye nyumba ya zamani huku Mji Mkongwe asitundike kabati nzito za juu bila kujua ukuta wake. Kuta zetu ni mawe ya matumbawe na udongo wa chokaa, plagi ya plastiki inazunguka tu ndani. Yangu ya juu nimeiondoa, nikaweka rafu zinazosimama chini kwa miguu yake.

FundiMawe
Alichosema Binti ni kweli, na terazo nayo ina tabia hiyo hiyo kwa sababu ya saruji na vipande vya marumaru vilivyomo. Graniti ndiyo ya jiko letu. Haiogopi ndimu wala sufuria iliyotoka motoni. Yale mawe ya kutengenezwa ya kwatzi yana gundi ndani, sufuria ya moto huyaacha na alama. Graniti ya rangi nyepesi ipakwe dawa ya kuziba vinyweleo. Mwagia maji kidogo, ukiona jiwe linakuwa jeusi baada ya dakika chache, ujue inataka kupakwa tena.

Sasa uzito. Graniti ya unene wa sentimita 2 ni kama kilo 54 kwa mita moja ya mraba. Kaunta ya urefu wa mita 4 na upana wa sentimita 60 inafika kilo 130. Hizo zote zinabebwa na maboksi yako ya miaka kumi na mbili. Tena vipimo vichukuliwe baada ya maboksi kusawazishwa kwa pimamaji, si kabla. Maungio yasipite kwenye tundu la sinki, na pembe za tundu ziwe za mviringo. Pembe kali ndiyo inayoanza kupasuka.

MkaaziMichenzani
Na waulize wanaoleta jiwe kama bei ni mpaka jikoni au mpaka barabarani. Mie niko ghorofa ya nne, vijana walikiangalia kipande wakaanza mazungumzo upya. Mwisho niliweka tailizi kubwa za sentimita 60 kwa 60 juu ya slebu yangu ya zege ile ile. Maungio yamekuwa machache, na nimejazia epoksi, ile gundi inayoganda isipitishe maji, badala ya saruji nyeupe. Manjano hayaingii.

MpishiWaFuoni
Ahsanteni sana. Nimefanya alivyosema Seremala. Boksi la chini ya sinki bisibisi imezama kama kwenye boflo. Mengine matatu ni magumu. Marumaru nimeshaiaga. Je, nibadilishe boksi moja tu?

SeremalaChake
Moja tu, lakini lifanyiwe plaiwudi ya marini, ile ya gundi isiyoachia kwa maji, na liinuliwe kwa miguu ya plastiki lisiguse sakafu. Bomba linalovuja litengenezwe kwanza. Milango weka mninga kama umepata mkavu. Bawaba zako kama ni zile za kikombe cha milimita 35 kinachozama ndani ya mlango, na hazijashika kutu, zinatumika tena.

FundiMawe
Na boksi jipya liwe kimo kimoja na mengine, usiniite kupima mpaka hapo. Kama muda wa Ramadhani unabana, graniti iende kwenye sehemu ya sinki na jiko la gesi, upande wa kukunia nazi acha tailizi kwa sasa.

MpishiWaFuoni
Sawa. Fundi bomba anakuja Jumamosi inshaallah. Nikishafunga milango nitaleta picha.