Komedi za familia za Marekani za miaka ya 70: zinashikiliwa na nini hadi leo, na nianzie wapi?

barazani_jioni
Wakuu, habari za jioni. Naomba kujuzwa na wanaozifahamu vizuri komedi hizi: All in the Family, Good Times, The Jeffersons, Happy Days, The Brady Bunch. Zina takriban miaka 50 na watu bado wanazitafuta, wakati komedi za juzi juzi tu hakuna anayezikumbuka. Maswali yangu: utamu wake uko kwenye kisa au kwenye waigizaji? Zitazamwe kwa mpangilio gani, maana naona wahusika wanahama kutoka kipindi kimoja kwenda kingine? Na mbona Good Times ina ukungu kwenye TV kubwa ilhali The Brady Bunch, iliyo ya zamani zaidi, picha yake ni safi kabisa?

fundi_kamera
Nianze na la mwisho, maana linagusa na lile la kwanza.

The Brady Bunch ilipigwa kwa filamu ya milimita 35, kamera moja, hakuna watazamaji ukumbini, na vicheko vikabandikwa baadaye. Filamu ya namna hiyo ukiiskani upya leo unapata HD (picha kali ya kisasa) halisi. Kazi za mtayarishaji Norman Lear, yaani All in the Family, Good Times na The Jeffersons, zilirekodiwa kwenye mkanda wa video wa upana wa inchi 2, kamera kadhaa zikienda kwa pamoja, watu wamekaa mbele wanacheka. Mkanda ule ulikuwa na mistari 525, na inayobeba picha ni kama 480 tu. Kilichokosekana siku ya kurekodi hakipatikani tena, hata anayekuuzia nakala akiandika "HD" kwa herufi kubwa.

Kwa hiyo usihangaike kuinoa. Weka TV kwenye 4:3 (umbo la skrini za zamani), zima ule mfumo wa kulainisha mwendo, punguza ukali wa picha. Na zikimbie nakala zilizojazwa kwenye skrini pana ya 16:9: ili zienee, robo nzima ya picha imekatwa juu na chini. Kwenye komedi hizi hiyo ni hasara kubwa, kwa sababu kichekesho mara nyingi hakiko kwa anayesema bali kwa aliyesimama nyuma anasikiliza. Jean Stapleton, yule Edith wa All in the Family, nusu ya kazi yake ni hiyo.

Sasa hapo ndipo ulipo utamu unaouulizia. All in the Family ilichezwa mara mbili, mbele ya makundi mawili tofauti ya watazamaji, halafu wahariri wakachagua vipande bora. Ni jukwaa la maigizo lililowekewa kamera. Mwigizaji anasubiri kicheko kiishe, na akiwa fundi, anakirefusha kwa uso tu. Tafuta sehemu ya Februari 1972 ambayo mwimbaji Sammy Davis Jr. anambusu shavuni Archie Bunker, mume wa Edith. Ukumbi unalipuka, na Carroll O'Connor, anayemwigiza Archie, hana haja ya neno hata moja. Kicheko cha kubandika hakiwezi kumpa mwigizaji nafasi hiyo, kwa sababu wakati anaigiza hakipo.

mpangilio_kwanza
Fundi kasema vyema. Mimi nakupa ratiba.

Anza na All in the Family, Januari 1971. Fika sehemu ya Desemba 1971 anayoingia Maude (Bea Arthur), binamu yake Edith. Kutoka hapo kikazaliwa kipindi cha Maude, Septemba 1972, na humo ndani msaidizi wa nyumbani ni Florida (mwigizaji Esther Rolle). Florida naye akapewa Good Times, Februari 1974.

Hapa wengi hupotea: kwenye Maude mume wa Florida anaitwa Henry na wanaishi jimbo la New York. Kwenye Good Times mume ni James, mwigizaji ni yuleyule John Amos, na familia iko Chicago kwenye majengo ya umma ya watu wa kipato cha chini. Hakuna sehemu inayoeleza wamehama lini. Usiitafute.

The Jeffersons ni rahisi zaidi, ila kuna mtego. Lionel, kijana wa jirani, yumo toka 1971, lakini baba yake, George Jefferson, haonekani uso hadi 1973. Sherman Hemsley, aliyetakiwa kumwigiza, alikuwa jukwaani Broadway (kumbi za maigizo za New York), basi wakamtumia Mel Stewart kama Henry, kaka wa George, kujaza pengo. Familia inahama mtaa wa Archie kwenye sehemu ya tarehe 11 Januari 1975, na wiki moja baadaye The Jeffersons inaanza. Humo mbele Lionel anabadilika sura: Mike Evans anampisha Damon Evans (hawana undugu), kisha anarudi mwenyewe. Mike Evans huyohuyo ndiye aliyeibuni Good Times pamoja na Eric Monte. Na wimbo wa kufungulia The Jeffersons umeimbwa na Ja'net DuBois, jirani Willona wa Good Times.

Happy Days na Brady hazina ukoo na hizi, zitazame wakati wowote.

sauti_ya_nyuma
Naongezea kwenye waigizaji, maana Good Times ni somo zima. Esther Rolle alikubali kazi kwa sharti kwamba familia iwe na baba ndani ya nyumba. Misimu mitatu ya kwanza inasimama juu ya hilo: Florida na James wanabishana kuhusu kodi, shule, njaa, na watoto wanapata nafasi ya kuchekesha kwa sababu wazazi wameshika nguzo. Kisha mtoto wao J.J. (Jimmie Walker) na neno lake "Dyn-o-mite!" vikapendwa mno, waandishi wakazidi kumwelemea. Rolle na Amos walilalamika waziwazi kwamba kijana amegeuzwa kikaragosi. Amos akaondolewa baada ya msimu wa 3. Mwaka 1976 James akafia ajalini Mississippi alikokuwa amepata kazi, na msimu wa 4 ulipokwisha Rolle naye akaondoka, akarudi msimu wa 6 ambao ndio wa mwisho.

Waliokua na Mzee Ojwang na Mama Kayai wa Vitimbi, ile komedi ya Kenya, wataelewa haraka: watu hawakufuata kisa, walifuata wawili wale wakikabiliana. Mmoja akitoka, kisa hicho hicho kinapwaya.

Ushauri wangu: misimu 1 hadi 3 yote, halafu chagua.

mpangilio_kwanza
Napinga kidogo. Msimu wa 5 usiutupe. Wazazi hawapo, lakini Janet Jackson anaingia akiwa na miaka 11 kama Penny, mtoto anayeteswa na mama yake, na Willona anabeba hadithi nzima. DuBois hakuwahi kupewa nafasi kama ile kabla.

barazani_jioni
Shukrani sana wakuu. Na Brady je? Haina siasa wala ugomvi, na nimesoma haikuwahi kuingia vipindi 30 bora kwa watazamaji enzi zake. Imebakije?

fundi_kamera
Kweli, haikuingia. Iliyoiokoa ni hesabu ya marudio. Ilimalizika Machi 1974 ikiwa na sehemu 117. Vituo vya mikoani vilitaka karibu 100 ili vionyeshe siku tano kwa wiki bila kurudia haraka. 117 zinakaa zaidi ya wiki 23. Zikawekwa mchana baada ya shule, na watoto wa rika la kina Bobby na Cindy, wadogo wa familia ya Brady, wakapokezana kizazi hadi kizazi. Mwaka 2018 chaneli ya HGTV ilinunua nyumba ya Studio City, Los Angeles, iliyoonyeshwa kwa nje kama ya kina Brady, kwa dola milioni 3.5, na wale sita walioigiza watoto wakashiriki wote kuikarabati. Kichekesho ni kwamba ndani haikufanana kabisa na ya kwenye TV, kwani vyumba vile vilikuwa seti za studio. Ilibidi vijengwe upya.

Happy Days inakupa jaribio la bure. Misimu 2 ya kwanza ni kamera moja, wa 3 kuendelea ni kamera tatu na watu ukumbini. Tazama sehemu moja ya kila upande, mfuate Henry Winkler, anayemwigiza Fonzie, tu. Mhusika huyo alianza akiwa mdogo tu. Ukumbi ulipoingia, hata akifungua mlango lazima asubiri makofi. Ron Howard, aliyemwigiza mhusika mkuu Richie, aliondoka 1980, ingawa kipindi kiliendelea hadi 1984.

sauti_ya_nyuma
Kabla hujanunua, angalia urefu. Sehemu kamili ya miaka ile ni kama dakika 25 bila matangazo. Ukikuta 21 au 22, hiyo ni nakala iliyokatwa kupisha matangazo, na kinachokwenda kwanza huwa ni utani wa pembeni au kile kipande kifupi cha mwisho. Diski za Marekani ni za kanda 1 (yaani eneo la dunia ambako diski imeruhusiwa kuchezwa) na mfumo wa NTSC (mfumo wa picha wa TV za huko), huku kwetu ni kanda 5, kwa hiyo hakikisha deki yako inasoma kanda zote.