Ulinganisho: kompyuta ya mezani ya kizazi cha nne baada ya Windows 10, je, niiongezee SSD, nihamie Linux Mint au ninunue nyingine?

Kisima (mleta mada)

Wakuu, habari za wakati huu. Ninayo kompyuta ya mezani ya mtumba, Dell OptiPlex 9020, yenye prosesa ya Core i5-4590 (kizazi cha nne cha Intel), RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4 katika kipande kimoja na diski ya kuzunguka ya GB 500. Inaendeshwa na Windows 10 Pro. Kwa muda mrefu ilinitosha kwa hesabu za duka, nyaraka, picha za familia na masomo ya watoto, lakini sasa huchukua muda mrefu kuwaka, na kila nikifungua Task Manager nakuta diski imefika asilimia 100 hata kama sijafungua programu yoyote. Kuna pia jambo dogo linalonikera: umeme ukikatika, saa yake hurudi nyuma miaka mingi, kisha kivinjari hukataa kufungua tovuti nyingi kikidai kwamba si salama.

Kama mjuavyo, Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine hii haikidhi masharti ya Windows 11. Ninaona njia tatu: kuiongezea SSD (diski ya kielektroniki isiyozunguka) na RAM kisha kuendelea na Windows 10, kuihamishia Linux Mint (mfumo endeshi wa bure), au kuiuza na kununua mtumba mpya zaidi. Fedha niliyo nayo haitoshi kufanya yote kwa mkupuo. Ningependa kusikia kutoka kwa waliokwisha kupita njia hizi. Nawasilisha.

Ziwa Kuu

Ndugu mleta mada, kabla hatujalinganisha chochote, hakikisha unajua ugonjwa, kwa sababu hapo yanaweza kuwa magonjwa mawili yanayofanana dalili. RAM ya GB 4 ikijaa, Windows huanza kuhamishia sehemu ya kumbukumbu kwenye diski, na diski ya kuzunguka ikipewa kazi hiyo huelemewa mara moja. Kwa hiyo asilimia 100 unayoiona inaweza kuwa kilio cha RAM kinachosikika kupitia diski. Angalia safu ya kumbukumbu katika Task Manager hiyo hiyo: ikiwa imepita asilimia 85 huku hujafungua chochote cha maana, RAM nayo ina hatia.

Baada ya hapo pakua CrystalDiskInfo, programu ya bure inayosoma taarifa za SMART ambazo diski hujiwekea yenyewe. Tazama mistari mitatu. Mstari wa 05 huhesabu sekta zilizoharibika na kubadilishwa kwa sekta za akiba, na mstari wa C5 huhesabu sekta ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado haijaamua hatima yake. Namba ikionekana katika C5 na ikaendelea kupanda, hiyo diski inaaga. Mstari wa C7 ni habari tofauti kabisa, kwani huhesabu makosa ya mawasiliano kati ya diski na mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), na mara nyingi tiba yake ni kubadilisha kebo ya SATA inayoviunganisha, kitu cha bei ndogo sana. Nimeona watu wakinunua diski mpya, wakaifunga kwa kebo ile ile mbovu, kisha wakarudi kulalamika kwamba SSD ni uongo.

Jambo la mwisho: nakili kwanza picha na hesabu zako, ndipo ufanye vipimo. Vipimo virefu huichosha diski iliyo mahututi.

Ama hilo la saa, ni betri ndogo ya duara ya CR2032 iliyo kwenye mazabodi. Ikiisha nguvu, saa hupotea umeme unapokatika, na kivinjari hukataa tovuti kwa sababu vyeti vyake vya usalama vina tarehe, na kwa saa ya kompyuta yako muda wake haujaanza.

Bandari Salama

Mimi hufanya kazi hizi hapa Dar es Salaam, na naunga mkono yote aliyosema Ziwa Kuu. Niongeze upande wa manunuzi.

Tofauti kubwa kati ya diski ya kuzunguka na SSD haiko katika kunakili faili moja kubwa, ambako diski nzuri ya kuzunguka hufikia MB 100 hadi 200 kwa sekunde na SSD ya SATA hufika karibu MB 550. Iko katika kutafuta vipande vidogo vidogo vilivyotawanyika, na hiyo ndiyo kazi halisi ya kompyuta inapowaka. Kichwa cha diski ya kuzunguka huhitaji takriban milisekunde 10 kufika kila mahali panapohitajika, ilhali SSD hutumia chini ya sehemu ya kumi ya milisekunde moja. Ndiyo maana mashine ya mwaka 2014 ikipewa SSD huonekana kama imebadilishwa prosesa, ingawa prosesa ni ile ile.

Kwa OptiPlex 9020 nunua SSD ya kawaida ya SATA ya inchi 2.5. Usikubali kuuziwa NVMe (aina nyingine ya SSD) pamoja na adapta ya PCIe ya kuichomeka kwenye mazabodi kwa maelezo kwamba ina kasi zaidi. Ni kweli ina kasi, lakini kwa BIOS (programu ya awali inayoiwasha mashine) ya umri huo, kuwasha mfumo kutoka NVMe si jambo la uhakika, hivyo unaweza kubaki nayo kama ghala la faili tu, au kuingia katika ujanja wa kurekebisha BIOS ambao sikushauri kwa mashine yenye hesabu za duka.

Sasa hoja yangu kuu, ambayo naona watu wengi huiruka. SSD ya SATA utakayonunua leo utaihamishia kwenye mashine yoyote utakayonunua baadaye, lakini RAM ya DDR3 (aina inayotumiwa na mashine yako) haitahama, kwa sababu OptiPlex za kizazi cha nane, zinazopokea Windows 11, zinatumia DDR4 na hata nafasi zake haziingiliani. Kwa hiyo fedha ya SSD haipotei kwa njia yoyote kati ya zile tatu, wakati fedha ya DDR3 huzikwa pamoja na mashine. Anza na SSD. RAM ongeza kipande kimoja tu cha GB 4 cha mtumba, ambacho ni rahisi, ili ufikishe GB 8 na vipande viwili vifanye kazi sambamba. Hiyo mashine ina nafasi nne za RAM, lakini usishawishike kuzijaza.

Tahadhari ya sokoni: SSD za bandia zipo, hasa zile zinazodai TB 2 kwa bei ya GB 240. Ukinunua, ipime kwa H2testw kabla ya kuweka chochote. Programu hiyo huijaza diski yote kwa data kisha huisoma upya, na diski iliyodanganya ukubwa wake huumbuka hapo.

Makutano

Niko Nairobi, na nitapingana nanyi kwa heshima. Mnamshauri ndugu yetu kutia fedha katika mashine ambayo mfumo wake endeshi umekwisha muda. Ni kweli kwamba upo mpango wa masasisho ya ziada ya usalama, ESU, unaofika hadi tarehe 13 Oktoba 2026 kwa watumiaji wa nyumbani, lakini huo ni muda wa kujipanga tu.

Kwa maoni yangu, akusanye fedha anunue mashine ya kizazi cha nane, mfano OptiPlex 3060, 5060 au 7060. Prosesa ya i5-8500 ina viini sita dhidi ya vinne vya i5-4590, na kiwango chake cha joto kilichotajwa na Intel ni wati 65 badala ya 84. Inapokea Windows 11 kihalali, na mazabodi yake ina nafasi ya M.2 inayoweza kuwasha mfumo kutoka NVMe.

Hata hivyo awe macho dukani. Muuzaji husema “hii ni Core i5” na kunyamaza. Asome namba inayofuata alama ya kistari: 4590 ni kizazi cha nne, 7500 cha saba, 8500 cha nane. Mtego mkubwa uko katika kizazi cha saba, kwa maana OptiPlex 3050, 5050 na 7050 zinafanana sana kwa sura na zile za 60, zina hata DDR4, lakini isipokuwa prosesa chache sana, kizazi hicho hakimo katika orodha ya Microsoft ya Windows 11. Kabla ya kulipa, aandike tpm.msc katika kisanduku cha Run na ahakikishe toleo la TPM (chipu ya usalama inayodaiwa na Windows 11) ni 2.0.

Kuna watakaomwambia aweke Windows 11 kwa nguvu kwenye mashine yake kwa kutumia Rufus, ambayo huondoa ukaguzi wakati wa usakinishaji. Inawezekana, na wengi wanafanya hivyo. Lakini Microsoft imesema wazi kwamba mashine zisizokidhi masharti hazina uhakika wa kupata masasisho, na toleo kubwa la kila mwaka halitajileta lenyewe. Kwa mashine ya kuchezea, sawa. Kwa hesabu za biashara, hapana.

Karafuu

Kutoka Unguja. Nasikitika kwamba Linux Mint imetajwa katika swali na hakuna aliyeigusa. Kwa mashine hiyo hiyo, toleo la Mint 22 lenye mandhari ya Xfce hutembea vizuri hata kwa GB 4, na lina msaada hadi mwaka 2029. Hakuna leseni, hakuna kulazimishwa kufungua akaunti. Tena huna haja ya kuamini maneno yangu: iweke kwenye flashi ya USB, washa kompyuta kupitia flashi hiyo bila kugusa diski, ujaribu sauti, intaneti na printa yako. Printa ndiyo ya kuangalia kwa makini zaidi. Nina ya leza iliyokubali mara moja, na nyingine ambayo nilihangaika nayo hadi nikamgawia jirani anayetumia Windows.

Kwa uadilifu nitaje mipaka yake. LibreOffice, programu ya ofisi ya Mint, hufungua nyaraka za Word vizuri, lakini majedwali yenye mapambo huweza kuhama mahali, na faili za Excel zenye makro (amri zinazojiendesha ndani ya faili) ni bahati nasibu. Walioko Kenya wanaojaza fomu za kodi za iTax za Excel wanajua makro hizo ni za lazima. Vilevile, mleta mada hajasema hesabu za duka anazifanya kwa programu gani. Ikiwa inaendeshwa kwa Windows peke yake, yapo maarifa ya kuiendesha kupitia Wine (inayoendesha programu za Windows ndani ya Linux), lakini mimi binafsi siwezi kukabidhi madeni ya wateja kwa jambo la kubahatisha. Ikiwa ni karatasi za kawaida za Excel, basi njia ya Mint ndiyo nafuu kuliko zote, na mjadala umekwisha.

Kwa wenzangu wa pwani: unyevu wa chumvi huweka utando kwenye miguu ya RAM. Mashine ikikataa kuwaka na kutoa milio, chomoa umeme, toa RAM, sugua miguu yake kwa kifutio cha penseli, rudisha. Usinunue RAM mpya kabla ya hapo.

Kisima (mleta mada)

Nawashukuru nyote. Nimefuata vipimo. Mstari wa C7 ni sifuri, 05 ina namba ndogo, na C5 ina namba iliyoongezeka kati ya asubuhi na jioni. Kumbukumbu inakaa asilimia 80 na kitu bila kufungua chochote. Picha na hesabu nimekwisha kuzinakili kwenye diski ya nje. Programu ya hesabu ni ya Windows pekee, na aliyeniuzia amethibitisha hivyo. Kwa hiyo Mint nimeijaribu kwa flashi, nimeipenda, lakini haiwezi kuwa mfumo mkuu wa mashine hii.

Ninaelekea kununua SSD ya SATA na kipande kimoja cha RAM sasa, nijiunge na ESU, kisha nijipange kwa kizazi cha nane kabla ya Oktoba 2026. Je, nihamishe mfumo wangu wote kutoka diski ya zamani kwenda SSD kwa Clonezilla, au nianze upya?

Ziwa Kuu

Anza upya. Clonezilla ni programu nzuri sana, lakini hutegemea diski inayosomeka, na ikigonga sekta mbovu hukwama au hubeba uharibifu pamoja na mfumo. Usiogope leseni: Windows 10 ikiwa imewahi kuthibitishwa kwenye mashine hiyo, leseni yake ya kidijitali imefungamana na mazabodi, hivyo ukisakinisha Pro ile ile na kuunganisha intaneti itajithibitisha yenyewe. Programu ya hesabu ni suala jingine, kwa hiyo muulize aliyekuuzia kama utahitaji namba mpya ya usajili kabla hujaanza.

Mambo mawili ndani ya BIOS kabla ya kusakinisha: hakikisha mashine inawaka kwa UEFI (njia mpya ya kuwasha mfumo), na mpangilio wa SATA uuweke AHCI (namna ya kawaida ya kuwasiliana na diski), kwani Dell nyingi hutoka kiwandani zikiwa kwenye RAID On. Ukibadilisha baada ya kusakinisha, Windows inaweza kukataa kuwaka. Kisha sasisha hadi toleo la 22H2, kwa sababu ESU haikubali toleo la chini ya hapo.

Makutano

Kwa hali hiyo ya C5 nakubali, hakuna kusubiri. Ila siku utakapohamishia SSD kwenye mashine ya kizazi cha nane, ifute na usakinishe Windows 11 upya. Leseni ya mashine mpya iko kwenye mazabodi yake, na draiva za ile ya zamani zitakusumbua bure.

Kisima (mleta mada)

Nimeelewa. Na diski ya zamani, naweza kuiacha ndani kwa ajili ya kuhifadhi filamu za watoto?

Bandari Salama

Itoe kabisa. Diski yenye C5 inayopanda ikibaki imeunganishwa, Windows itaendelea kujaribu kuisoma na mashine nzima itakwama kila inapogonga sekta mbovu, hata kama mfumo uko kwenye SSD. Waya wake wa umeme ndio utumie kwa SSD mpya, na kebo ya SATA iache ile ile maadamu C7 ni sifuri.