Filamu ya skrini tatu kuhusu mauaji ya Mathare: askari naye apewe skrini yake?

MLETA MADA
Wadau, naomba tulijadili jambo hili kwa uzito wake. Tunakaribia kufunga uhariri na sisi wenyewe tumegawanyika.

Tuko watano. Kwa miaka miwili tumepiga picha Mathare, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, kati ya Barabara ya Juja na mto, tukitengeneza filamu ya skrini tatu kuhusu vijana wanaouawa na polisi. Skrini zinakaa sambamba, kila moja na picha yake, zote zinaenda kwa pamoja, na mtazamaji ndiye anayeamua ageuze shingo wapi. Mtindo wenyewe ni wa kale, maana Mfaransa Abel Gance alionyesha filamu yenye sehemu za skrini tatu mwaka 1927. Hapa kwetu bado ni wa majaribio, na fedha za kuujaribu ni za kuokoteza.

Kwa nini tatu? Kijana akipigwa risasi mtaani, habari ya kwanza kufika mjini ni ya polisi: jambazi sugu, alikuwa na bastola ya kujitengenezea, wenzake walitoroka. Mama yake atasikika siku ya tatu, kama atasikika. Kwenye skrini moja lazima mmoja atangulie, na aliyetangulia ndiye anayekaa kichwani. Anayefuata anaonekana anajitetea. Skrini tatu zinaivunja foleni hiyo.

Halafu kuna vifo ambavyo skrini moja haivibebi kabisa. Tarehe 30 Machi 2020, siku chache tu baada ya amri ya kutotoka nje usiku kwa sababu ya korona kuanza, mtoto wa miaka 13 alikuwa kwenye roshani ya ghorofa pale Kiamaiko. Chini barabarani polisi walikuwa wakifukuza watu. Risasi ikapanda. Sekunde moja, mahali pawili. Ukionyesha barabara kwanza, roshani inakuwa bahati mbaya. Ukianza na roshani, barabara inapotea. Viweke pamoja uone kama kuna atakayetamka neno "bahati mbaya".

Tumepanga hivi: kushoto mama mmoja anazungumza, katikati ni uchochoro alimouawa mwanawe, kulia ni siku ya kawaida ya mtaa, watu wanafua, wanakaanga mandazi, wanapanga mitungi. Maiti haionyeshwi hata mara moja. Hilo tulikubaliana siku ya kwanza.

Ugomvi ni huu: wenzangu wawili wanataka skrini ya nne, ya askari. Mimi na mwingine tunakataa, wa tano hajasema. Sababu yangu ni kwamba askari tayari ana bunduki, ana msemaji, na ana taarifa ya habari ya saa moja. Kituo cha Haki za Kijamii cha Mathare kilitoa ripoti mwaka 2017 ya zaidi ya watu 50 waliouawa eneo hilo kati ya 2013 na 2016. Hao hawana msemaji. Semeni.

MCHANGIAJI, HURUMA
Mimi sipingi askari, napinga skrini zenyewe. Mama zetu wataangalia wapi? Hii ni sanaa ya kuonyeshwa Lavington kwa matajiri, watu wameshika glasi za mvinyo wakitikisa vichwa, kisha wanapanda magari yao. Tengenezeni filamu ya kawaida ieleweke.

MLETA MADA
Ndugu yangu wa Huruma, umewahi kupanda nganya, zile matatu za mapambo, jioni? Skrini ngapi mle ndani? Na kibanda cha mpira Jumamosi, televisheni tatu, mechi tatu, na wazee wanajua nani kafunga wapi bila kupoteza hata kona moja. Watu wetu wanaangalia skrini nyingi kila siku. Ni sisi watengenezaji tuliochelewa.

Lakini la Lavington ni kweli na linaniuma, kwa hiyo tulijaribu mtaani kwanza. Tulifunga shuka tatu nyeupe kwenye kamba, projekta za kuazima, jenereta nyuma ya kibanda cha kinyozi. Upepo ukawa unaivuta shuka ya kati, uchochoro ukawa unapumua. Mvua kidogo ikaanza kwenye mabati na sauti yote ikamezwa. Tukadhani watu wataondoka. Hawakuondoka. Na sikutarajia nilichokiona: wengi hawakutazama uchochoro. Walikaa na shuka ya kulia. Mwanamke mmoja aliyebeba mtoto mgongoni alisimama mbele ya picha ya beseni na nguo za shule mpaka mwisho, dakika arobaini. Nilipomkaribia akaniambia, "Hiyo sare si ya mtu anayeishi." Sikuwa nimeliona hilo. Tulipiga picha zile kwa mama yuleyule wa skrini ya kushoto, na sare ilikuwa ya marehemu. Bado anaifua.

MCHANGIAJI, KAYOLE
Mnaongea sanaa. Mimi nauliza usalama. Anayetoa ushahidi dhidi ya polisi anajulikana kwa sauti, kwa mkono, kwa mlango wa nyumba yake. Mkimaliza tamasha mnaenda kwenu, yeye anabaki.

MLETA MADA
Hili ndilo linaloninyima usingizi. Tulichofanya, na mtuambie kama kinatosha: kwa mashahidi wawili tumemtawanya mtu. Sauti ni ya mwigizaji anayesoma maneno yao, mikono ni ya mtu mwingine, mahali ni mtaa mwingine, kila kimoja kwenye skrini yake. Hakuna fremu moja inayomfunga mtu. Filamu ya kawaida humziba shahidi uso kwa giza na kumpotosha sauti, akaonekana kama mhalifu. Sitaki hivyo. Yule mama wa kushoto peke yake ndiye aliyekataa kufichwa. Alisema jina la mwanawe limeshaandikwa vibaya, lake liandikwe sawasawa.

MCHANGIAJI, NAKURU
Mahakama zipo. Aliyeongoza mauaji ya wakili Willie Kimani, mteja wake na dereva wa teksi alikuwa polisi, na alihukumiwa kifo mwaka 2023. Mbona mnahukumu kikosi kizima?

MLETA MADA
Walitekwa Juni 2016, hukumu ikatoka Februari 2023. Na huyo alikuwa wakili, mawakili wenzake waliingia barabarani kumlilia. Kijana wa Mathare ambaye chama chake ni kikundi cha kuzoa taka, hesabu mwenyewe miaka yake.

MCHANGIAJI, BINTI WA ASKARI
Nimesoma zote nikasita kuandika. Nimekulia kambini, nyumba moja familia mbili, pazia katikati. Upande wa pili tulisikia kila kitu na wao walitusikia. Baba akirudi zamu ya usiku alikaa kitandani na viatu miguuni hadi kuche, hasemi. Siku moja nilimuuliza ameua mtu. Mama akanipiga kofi kabla hajajibu. Mpaka leo sijui jibu. Simtetei. Lakini mkimwacha nje ya filamu, atabaki sauti ya msemaji tu, na msemaji hajawahi kukaa na viatu kitandani.

MLETA MADA
Dada, nimekaa na maneno yako tangu jana. Skrini ya maelezo, ya askari aliyevaa sare akieleza kilichotokea, bado naikataa, na nitaikataa mpaka mwisho. Pazia ni kitu kingine. Pazia, kitanda, viatu, bila neno hata moja, dakika chache upande wa kulia pale beseni linapokuwa tupu: hilo naliona kabisa.

Ila si langu kuamua wala si la wenzangu. Skrini ya kulia ni nyumba ya yule mama. Nimempigia simu mchana huu nikamsomea ulichoandika, neno kwa neno. Alinyamaza sana, nikadhani laini imekatika. Kisha akauliza kama binti huyo ana watoto. Amesema ataangalia sehemu hiyo Jumapili baada ya ibada, kwake, si studio, na nije na shuka safi maana ile ya kati ilichafuka. Kama uko Nairobi, dada, niandikie faraghani. Amesema unaweza kuja.