Kioo cha Noah: gumzo la UKOO TANDIKA

[06:41] Da Rehema: Assalam alaikum wote. Gari yetu ya Noah imevunjwa kioo usiku, mlango wa mbele kushoto, upande anaokaa bibi. Shabani ndo alikuwa nayo. Redio wameiacha wamechukua begi. Naomba kila mtu asome hapa asubuhi hii maana Alhamisi bibi ana kliniki Muhimbili na hatumpeleki na nailoni mlangoni

[06:42] Da Rehema: 📷 Picha

[06:42] Da Rehema: 📷 Picha

[06:58] Da Rehema: Naona tiki za bluu kumi na moja

[07:20] Hadija: Poleni jamani. Begi la nani

[07:21] Shabani: Langu. Chaja na koti

[07:21] Hadija: Koti lile la harusi ya Mwanaidi??

[07:22] Shabani: Lile lile

[07:22] Hadija: 😂😂😂 mwizi kapata hasara

[07:23] Mussa Mbagala: 😂😂

[07:24] Da Rehema: Mussa kumbe umeamka. Tuongelee kioo

[07:31] Shabani: Dada usihangaike nishapata fundi hapa hapa karibu na soko, anasema 35,000 anakata saizi anaweka leo leo, mchana gari iko barabarani

[07:32] Da Rehema: Anakata??

[07:32] Da Rehema: Shabani usimpe hela huyo mtu

[07:36] Da Rehema: Nisikilize vizuri, na wengine pia msome maana kesho litakuwa gari lako. Kioo cha mlango wa gari hakikatwi dukani. Kiwandani kinakatwa kwanza kinatobolewa matundu yake halafu ndo kinachomwa kinapindwa na kupozwa ghafla kwa upepo, kikishatoka hapo ukikigusa na kisu cha kukatia kinapukutika chote. Ndo maana hicho kilichovunjwa kimejaa kwenye kiti kama chumvi ya mawe, hakuna kipande kirefu hata kimoja, angalia picha. Sasa huyo anayekata saizi mbele yako anakata kioo cha dirisha la nyumba au cha kabati. Hicho kikivunjika kinatoka mapande marefu kama visu, na anayekaa hapo ni bibi, shingo yake iko sawasawa na kioo

[07:38] Shabani: Dada lakini bodaboda wote na bajaji za hapa ndo wanaweka kwake

[07:38] Hadija: Bodaboda ina kioo cha mlango? 🤔

[07:39] Mussa Mbagala: 😂😂😂😂 Shabani

[07:39] Shabani: Namaanisha watu wa daladala

[07:40] Da Rehema: Hadija tafadhali

[07:44] Da Rehema: Muulize maswali haya Shabani, mpigie sasa hivi. Kioo ni cha gari hii hii au cha kukata. Kama ni cha gari, ni used ya Japan au kipya. Hiyo 35 ni kioo peke yake au na ufundi. Atafungua mlango avute punje zote za ndani au atatumbukiza kioo juu ya takataka. Na kikigoma kupanda baada ya wiki anarudia bure au tunaanza upya

[07:45] Hadija: Huyo fundi anaomba kazi au mchumba

[08:10] Mussa Mbagala: Kwani gari haina bima? Si walipe wao

[08:13] Da Rehema: Bima ndogo Mussa. Bima ndogo inalipa uliyemgonga, kioo chako mwenyewe ni shauri yako. Ingekuwa bima kubwa tungewapigia kabla ya kugusa kitu, wakaguzi wao waone kwanza, halafu tungeuliza ile sehemu ya kujilipia wenyewe ni sh ngapi maana unaweza kukuta inazidi bei ya kioo ukawa umejisumbua. Mwaka jana nilisema tukate kubwa. Waliokataa wanajijua, meseji ziko humu humu

[08:14] Mussa Mbagala: Mi niliuliza tu

[08:52] Da Rehema: Shabani umempigia?

[09:15] Da Rehema: Shabani

[09:31] Shabani: Nilikuwa naosha kiti. Amesema kioo ni cha gari ila "anakirekebisha kidogo pembeni"

[09:32] Da Rehema: Basi ndo hicho hicho. Achana naye

[09:33] Da Rehema: Na usibonyeze swichi ya hicho kioo

[09:34] Shabani: Nishabonyeza

[09:34] Da Rehema: Ikafanyaje

[09:35] Shabani: Krrrrrr halafu kimya

[09:37] Da Rehema: Ya Rabbi. Punje zimeingia kwenye mashine ya kioo. Ndo mambo ya Corolla ya marehemu mnaikumbuka ilivyokuwa inalia ikipita matuta, mwaka mzima mlango unachekecha vioo, na chini ukaoza kwa sababu vile vitundu vya kutolea maji vya chini ya mlango viliziba. Kwahiyo fundi yeyote atakayeshika aulizwe na mashine pia, waya haujakatika, mota inazunguka, aijaribu kabla hajaweka kioo sio baada

[09:40] Salma: Nimesoma yote. Pole Shabani. Tunachanga?

[09:46] Da Rehema: Asante Salma. Ndiyo, nilitaka nisubiri bei lakini tuanze, kila kaya 20,000, tuma kwangu, itakayobaki inaingia mafuta ya Alhamisi

[09:58] Salma: Sawa. Ila kabla ya kutuma mi ningeomba zile hela tulizochanga za friza tuambiwe zilifikia wapi. Sio kwa ubaya

[09:59] Hadija: Eeeh 👀

[10:01] Shabani: Salma leo?

[10:02] Salma: Leo ndo tunaombwa hela Shabani, niulize lini

[10:07] Da Rehema: Salma daftari la friza nilimkabidhi shangazi Zaituni mbele ya watu, na wewe ulikuwepo umekaa kwenye mkeka. Sitaki kurudi huko

[10:09] Salma: Nilikuwepo ila daftari lilikuwa halijajumlishwa. Na aliyebaki na friza tunamjua na hajawahi kuleta hata barafu

[10:10] Mussa Mbagala: 🚫 Ujumbe huu umefutwa

[10:10] Hadija: Mussa nimeusoma 😂

[10:12] Mussa Mbagala: Futa kichwani

[10:30] Shangazi Zaituni: 🎤 Sauti (3:48)

[10:36] Hadija: Shangazi nipo kazini sijaweza kusikiliza, ni kuhusu kioo au friza

[10:41] Shangazi Zaituni: Vyote

[11:20] Baba Mkubwa: Assalam alaikum. Mambo ya friza yalikwisha nikiwa nimekaa pale kwenye kiti. Sitaki yatajwe tena humu. Mama hatapanda gari lenye kioo cha kabati. Kama mpaka Alhamisi hakuna kioo cha haki atakwenda na bajaji, nami nitakaa naye.

[11:21] Da Rehema: Waalaikum salaam Baba Mkubwa. Shikamoo. Tumesikia

[11:34] Shabani: Shikamoo Baba Mkubwa. Sawa

[11:50] Salma: Shikamoo baba. Samahani

[12:47] Idrisa Ilala: Salama humu? Samahani dukani leo watu wengi ndo nashika simu. Nimesoma kuanzia juu. Da Rehema yuko sahihi asilimia zote, msikate

[12:48] Da Rehema: Idrisa! Nimekupigia mara ngapi. Mna kioo?

[12:54] Idrisa Ilala: Kipo cha used kutoka Japan 80,000, ufundi mbali. Ila siuzi kwa kuambiwa "Noah", zipo old model na new model na milango haifanani. Shabani nipige picha ile pleti ya chesisi nione kama ni aina ya AZR60. Na uniambie mlango upi kwa kukaa ndani ya gari ukiangalia mbele, maana watu wananiambia kushoto wakiwa wamesimama mbele ya boneti, anarudi na kioo sio

[12:55] Hadija: Shabani kaa ndani ya gari kwanza

[12:55] Shabani: Ni upande wa abiria. Sio dereva. Mbele

[13:02] Idrisa Ilala: Poa. Sasa hata mkienda duka lingine, Gerezani au popote, angalieni haya. Pembeni chini kuna mhuri mdogo, wa Japan mara nyingi utakuta Asahi na neno Temperlite, Temperlite ndo kile cha kuchomwa alichosema dada. Cha mbele cha dereva, ile windskrini, ni vioo viwili vimegandishwa na nailoni katikati, kikipasuka kinabaki kimeshikana, usikubali mtu akuchanganye akakwambia vyote sawa. Kioo kisicho na mhuri kabisa uliza kimetoka wapi

[13:05] Idrisa Ilala: Halafu pitisha ukucha taratibu pembe zote. Ukikuta kimemeguka hata padogo kiache, kioo cha kuchomwa kikiwa na jeraha pembeni kinaweza kukaa wiki halafu ukafunga mlango kikalipuka chote. Na matundu ya chini ya kufungia bolti yawe yale yale ya kioo chako cha zamani, kama mabaki ya chini yamebaki kwenye mashine msiyatupe njooni nayo tulinganishe

[13:06] Da Rehema: Shabani umeyatupa?

[13:09] Shabani: Yapo kwenye mfuko

[13:14] Idrisa Ilala: Na hili la muhimu zaidi kwa used. Watu wengi mjini wanachonga namba ya gari kwenye vioo. Ukiletewa kioo kina namba ya gari ya Tanzania imechongwa, au pamesuguliwa pakawa na ukungu, hicho huenda hakikutoka Japan kwenye kontena, kinaweza kuwa kimetoka kwenye gari la mtu kama lenu usiku. Usinunue hata kwa 20,000. Chukua risiti yenye jina la duka

[13:15] Salma: Kwahiyo yule wa 35 inawezekana anauza vya kwetu wenyewe

[13:16] Idrisa Ilala: Sijasema hivyo dada

[13:20] Da Rehema: Umenikumbusha. Shabani kwenye lile begi au kwenye droo ya dashibodi kulikuwa na makaratasi ya gari?

[13:41] Shabani: Kopi ya kadi ya gari ilikuwa kwenye droo. Siioni

[13:43] Da Rehema: Na unasema saa hii saa saba mchana!! Nenda polisi ukatoe taarifa uchukue RB, ile namba ya taarifa, leo. Kopi ya kadi yetu ikizunguka mjini na jina la marehemu sijui itafanyia nini

[13:44] Mussa Mbagala: Kadi bado ina jina la marehemu??

[13:45] Da Rehema: Mussa hiyo ni siku nyingine

[14:05] Hadija: Swali la kweli jamani sio utani. Vioo vingine vya ile gari vina tinti, hiki kitakuwa cheupe?

[14:11] Idrisa Ilala: Vya nyuma ni vyeusi vya kiwandani, rangi iko ndani ya kioo. Vya mbele mlibandika karatasi. Kwahiyo hiki kitakuja cheupe, mkitaka tinti ni hela nyingine na mtu mwingine, na ikibandikwa msishushe kioo siku kadhaa mpaka ikauke vizuri. Mi ningesema muache cheupe kwanza, trafiki wenyewe mnawajua

[14:12] Hadija: Siku kadhaa bibi asishushe kioo? Akifika Keko na mahindi ya kuchoma atafanyaje 😂

[14:13] Mussa Mbagala: Atanunulia mlango wa nyuma

[14:13] Shangazi Zaituni: Mahindi kakatazwa na daktari. Nani anamnunulia mahindi

[14:14] Hadija: 🚫 Ujumbe huu umefutwa

[14:15] Shangazi Zaituni: Nimeuliza nani

[14:22] Da Rehema: Hatuweki tinti. Kioo cheupe, bibi aone barabara. Idrisa fundi wa kuweka unaye unayemwamini?

[14:30] Idrisa Ilala: Yupo, anakaa jirani na duka. Anachukua 25,000 kuweka na kusafisha ndani ya mlango kwa mashine ya kuvuta vumbi. Kama mashine ya kioo imekufa atasema kabla, hiyo sijui bei mpaka afungue. Mwambieni arudishe ile nailoni iliyogandishwa nyuma ya kava la mlango, mafundi wengi wakiichana wanaitupa, mvua ikinyesha maji yanaingia miguuni mnadhani kioo ndo kibovu. Na ule mpira unaofuta kioo kikishuka auangalie, kama umechanika na vioo ubadilishwe hapo hapo maana utakwaruza kioo kipya

[14:34] Da Rehema: Na kabla hajalipwa kipandishwe kishushwe mara kadhaa gari ikiwa inaunguruma, halafu amwagiwe ndoo ya maji mlangoni na mtu akae ndani aangalie. Nitakuja mwenyewe

[14:35] Hadija: Fundi amwagiwe maji? 😂😂

[14:35] Da Rehema: Mlango Hadija. MLANGO

[14:50] Da Rehema: Haya hesabu. Kioo 80, ufundi 25, inakuwa 105,000 kama mashine ni nzima. Waliotuma mpaka sasa ni Salma 10 na Hadija 20. Asanteni. Mussa? Shabani? Mwanaidi hata hujasema kitu tangu asubuhi

[15:40] Mwanaidi: Nipo nawasoma. Nikitoka kazini natuma. Koti jamani 😭

[15:52] Baba Mkubwa: Natoa 50,000. Idrisa, kioo kisiuzwe kwa mwingine.

[15:53] Idrisa Ilala: Shikamoo Baba Mkubwa. Nimeshakitoa rafuni nimekiweka ndani. Ila naomba picha ya chesisi leo kabla ya saa kumi na moja nafunga, nisije nikakuwekea kisicho chake

[16:20] Da Rehema: Shabani picha ya chesisi

[16:38] Da Rehema: Shabani

[16:44] Mussa Mbagala: Kwani gari yenyewe iko wapi sasa hivi

[16:46] Shabani: Iko kwa yule fundi wa sokoni. Asubuhi kabla dada hajasema alikuwa ameshafungua kava la mlango, sasa anadai 10,000 ya kufungua ndo anirudishie skrubu

[16:46] Da Rehema: 📞 Simu ya sauti haikupokelewa

[16:47] Da Rehema: 📞 Simu ya sauti haikupokelewa

[16:48] Da Rehema: Shabani pokea simu

[16:49] Hadija: Mpe 5

[16:51] Salma: Hiyo 10 yangu isiende huko tafadhali

[16:55] Shabani: 📷 Picha

[16:57] Idrisa Ilala: Imetoka na giza, naona AZ tu. Washa tochi upige tena. Na hesabu skrubu na klipu za kava kabla hujaondoka hapo

[17:04] Idrisa Ilala: Nafunga. Nakishikilia mpaka kesho saa nne asubuhi

[17:30] Da Rehema: Nipo kwenye daladala naenda huko sokoni. Mwenye namba ya huyo fundi anitumie