Naomba ushauri: nimefungua monita nitengeneze projekta, inazima na katikati kuna doa jeusi

Mwanakwetu_Moro:
Habari za jioni wakuu. Naomba msaada wa haraka kwa wenye kuelewa umeme, mwenzenu usingizi sina.

Nina monita ya zamani inchi 17, ile ya mraba. Nimeifungua, nimetoa kava, kibati cha nyuma na zile karatasi nyeupe, nimebaki na kioo chenyewe kinaning'inia na bodi zake. Nia ni kumulika taa kwa nyuma, mbele niweke lenzi, picha itoke ukutani kubwa kama ya projekta. Watu wanafanya, nimeona video.

Shida ni mbili. Nilichomoa tyubu za taa zake nikaacha moja ya kujaribia, sasa inawaka sekunde mbili inazima. Halafu nikiweka taa yangu mwenyewe, baada ya muda katikati ya kioo linajitokeza doa jeusi, linatanuka. Nikizima na kusubiri linapotea. Mwongozo tafadhali, kazi inatakiwa Jumamosi.

FundiRedio:
Hilo la sekunde mbili lisikutie presha. Inveta inayowasha zile tyubu ikihisi zimepungua inajizima yenyewe, ni ulinzi. Picha haijaenda popote. Chukua tochi, mulika kioo kwa nyuma, utaiona. Ila usiguse upande huo wa bodi ukiwa na umeme, unatoa volti mia kadhaa mpaka kupita elfu. Na tyubu zenyewe zina zebaki, usizivunjie sebuleni wala watoto wasizichezee.

Sasa tuje kwenye doa. Taa gani, wati ngapi, iko umbali gani?

Mama Ubuyu:
Jumamosi kuna nini?

Kiroboto:
Nimewahi siti ya mbele. Muuza karanga pita huku.

Mwanakwetu_Moro:
@FundiRedio shukrani mkuu, nimemulika na kweli picha ipo! Laptopu inaisoma vizuri tu, nukta 1366 kwa 768. Taa ni ya kawaida, ina mwanga wa kutosha. @Mama Ubuyu ni shughuli ya kifamilia, tujikite kwenye mada.

Mzee wa Msasani:
Vijana mmenipeleka mbali. Sisi picha kubwa tuliziona Drive-in pale Msasani, hapo ulipo ubalozi wa Marekani leo. Mwenye gari analipa, anaingia, anatundika spika dirishani. Sisi watoto tusio na gari tunatazama kwa mbali nje huko, sauti hatupati, basi maneno tunatunga wenyewe. Kuna picha moja nilikuja kuirudia kwenye sinema ya Avalon nikiwa na hela yangu, nikakuta hadithi ni nyingine kabisa. Ya kwetu ilikuwa tamu zaidi.

FundiRedio:
Shikamoo mzee. Mwanakwetu, kwenye umeme hakuna "taa ya kawaida". Wati ngapi?

Mwanakwetu_Moro:
Halojeni ya wati 500, ile ya mafundi wanaopiga plasta usiku. Iko kama sentimita 10 nyuma ya kioo. Kabla hamjanirukia: najua inatoa joto. Lakini mwanga mwingi ndiyo picha nzuri, na nimeshainunua. Boksi la plaiwudi seremala kashamaliza. Nishaurini namna ya kupoza, siyo kubadilisha.

FundiRedio:
Ndugu yangu, hapo unakaanga kioo. Umeme mwingi wa halojeni unatoka kama joto, mwanga ni kiduchu. Ndani ya kioo cha monita kuna kimiminika ambacho chembe zake zimejipanga kwa utaratibu, na huo mpangilio ndio unaoamua mwanga upite au uzuiwe. Joto likizidi mpangilio unavurugika, pale panakuwa peusi. Kikipoa zinajipanga tena, ndiyo maana doa linakudanganya kwamba limepona. Siku zile karatasi ngumu zilizogandishwa mbele na nyuma ya kioo zitakapoungua zikawa za njano, hapo imekula kwako. Tena ndani ya plaiwudi! Utawaita zimamoto.

Jambo lingine hamuambiwi kwenye video: kioo hicho kinameza mwanga. Hata pakiwa peupe kabisa, kinachopenya hakifiki asilimia 10. Chukua LED moja ya wati 100, ile bapa ya mraba inayotaka volti 30 na kitu. Inatoa lumeni (kipimo cha mwanga) kama 8,000, na joto lake liko mgongoni, unalifungia kipozeo cha kompyuta chenye feni. Kati ya taa na monita weka kioo cha kawaida, hewa ipite pande zote mbili. Na hapo ukutani utapata lumeni mia kadhaa tu.

Lenzi umepata wapi?

Mwanakwetu_Moro:
Kwa machinga. Zile karatasi za plastiki zenye miduara za kukuzia maandishi, saizi ya A4, nimechukua mbili. Ya mbele ni ile ya mkono ya kusomea.

Jirani wa Wote:
A4 ni sentimita 21 kwa 30. Kioo cha inchi 17 ni kama 34 kwa 27. Pembe zote nne giza. Na lenzi ya mkono itakupa katikati pazuri, pembeni ukungu.

Chuoni kwetu tulikuwa na zile ovahedi za walimu, zinazowekewa karatasi ya plastiki. Jamaa mmoja alilaza kioo cha monita ya inchi 15 juu yake, fainali nzima ya Kombe la Dunia tukaangalia ukutani bwenini. Mlezi wa bweni alikuja kututimua, akaishia kukaa. Mpaka leo jamaa tunamwita Profesa, na hata shahada hakumaliza.

Binti Kisarawe:
Swali la mjinga: si ukodi projekta siku hiyo moja?

Mwanakwetu_Moro:
Bajeti hairuhusu.

Binti Kisarawe:
Bajeti ya nani?

Mama Ubuyu:
"Shughuli ya kifamilia." "Bajeti." Baba, hiyo ni harusi, na wewe uko kwenye kamati.

Kiroboto:
Karanga zangu ziko wapi jamani.

Mwanakwetu_Moro:
Sawa. Ni harusi ya binamu yangu, na mimi niko kamati, upande wa burudani. Kamati ilinipa laki mbili na nusu nikodi projekta, maharusi waonyeshwe picha zao za utotoni. Sijazila. Nilipiga hesabu tu: kwa nini tumlipe mtu kwa saa tatu, wakati kwa hela hiyo hiyo ukoo unapata projekta yake ya kudumu? Mwezi wa sita kuna kipaimara, mwakani kuna send-off. Taa, mbao, lenzi, nauli ya Kariakoo, vyote risiti ninazo. Iliyobaki iko kwenye mzunguko, itarudi. Mhasibu alipouliza nilimwambia projekta ipo, na kweli ipo.

Kiroboto:
"Iko kwenye mzunguko" maana yake iko kwenye mkeka, na timu moja imechana.

Mtumishi Ayubu:
Hela ya mchango ni amana, kijana. Kuna mjane huko katoa elfu kumi yake aone watoto wakifunga ndoa. Usijifiche nyuma ya risiti.

Mama Ubuyu:
Kwenye harusi yangu mtu wa keki alijiongeza hivi hivi, akaoka mwenyewe "kuokoa gharama". Ghorofa ya juu ililala mikononi mwa mama mkwe. Kila mwaka anaikumbushia, na mimi ndiye nabebeshwa lawama, si aliyeoka.

Mpekuzi:
Mnahangaika bure, hii ni chai. Someni juu: monita ya mraba inchi 17. Za hivyo ni 1280 kwa 1024. Halafu laptopu inasoma 1366 kwa 768, hiyo ni ya kioo kipana. Hajaweka picha hata moja, na mtu asiye na usingizi anajibu kila comenti kwa utulivu namna hii. Katunga, anatupima.

Binti Kisarawe:
Daah. Tangawizi imezidi kweli.

Kiroboto:
Chai au siyo chai, mimi sitoki.

Mwanakwetu_Moro:
Mpekuzi una roho mbaya. Monita zilikuwa mbili. Ya mraba ndiyo nilianza nayo, ule utepe wa pembeni ukachomoka, kioo kikajaa mistari. Hii ya sasa ni pana, inchi 18.5. Niliandika 17 kwa sababu sikutaka maelezo marefu.

Mpekuzi:
Ya pili ni ya nani?

Mwanakwetu_Moro:
Ilikuwa stoo pale kazini, hakuna anayeitumia.

Mama Ubuyu:
Yesu na Maria.

Mtumishi Ayubu:
Unaona sasa.

FundiRedio:
Mimi nilikuja kwa ajili ya umeme, ya kamati mtamalizana wenyewe. Kama ni 18.5, kioo ni sentimita 41 kwa 23. Hizo lenzi za A4 hazikifuniki hata kwa kubahatisha.

Na ukumbini taa zinawaka. Watu wanatunza, kamera zinamulika, MC anataka aonekane. Projekta ya kukodi ina lumeni 3,000 na kuendelea, na hiyo nayo bado wanazima taa za upande wa ukuta. Wewe na mia zako kadhaa utawaonyesha ukuta. Kama ni ya nyumbani, usiku, chumba giza, nitakuelekeza hatua kwa hatua mpaka iwake, ni kazi nzuri na inawezekana. Ila kwa Jumamosi tafuta hela urudishe kwenye fungu, ukodi. Tyubu za hiyo ya kazini kama hujazivunja, bado inaweza kufungwa ikarudi stoo.

Mzee wa Msasani:
Au wazime taa zote ukumbini, maharusi wasimulie wenyewe. Sisi tulifanya hivyo.

Mwanakwetu_Moro:
Nimewasikia wote, asanteni, hata walionitukana. @FundiRedio swali moja la mwisho: hiyo halojeni nikiisogeza mpaka sentimita 20, na nikaweka feni mbili?